Fundi Mkongo wa Kibuye: gauni fiti, siku zilipitiliza, na safari ya 3,500 yangu

Niseme mapema sijalipwa na mtu kuandika hii. Nilikuwa na harusi ya binamu huko Siaya, kamati ikachagua kitenge cha bluu na njano, na fundi wangu wa siku zote, mama mmoja hapa Manyatta, Kisumu, akaniambia ukweli kwamba mikono ya puto yeye haiwezi, niende kwa yule Mkongo kando ya soko la Kibuye. Jina la duka sitalitaja. Utalijua tu, vitenge vimeanikwa mpaka mlango hauonekani na rumba inalia tangu asubuhi.

Jamaa ni wa Bukavu. Ananipima huku anamtajia namba msichana aliyeketi na daftari, halafu akachora gauni kwa chaki moja kwa moja juu ya kitambaa, hana hata petani ya karatasi, akaanza kukata huku ananiuliza bibi harusi ni wa wapi, na mimi roho iko juu juu maana hizo ni mita sita za pesa yangu. Lakini aliposhona pande mbili za mgongo lile ua kubwa la njano likakutana katikati kama halijawahi kuguswa na makasi. Nilinyamaza.

Kushona ni shilingi 3,500, unaacha nusu. Ahadi ilikuwa Jumatano. Jumatano nikaambiwa "Dada, kesho, sans problème", Alhamisi stima zikapotea, nikachukua Ijumaa jioni na zipu bado inakwama, akaitoa na kuweka ingine pale pale bila kuongeza bei. Nyota moja imeenda na hizo siku mbili.

Sasa nikiwa kwa benchi nangoja zipu, mzee mmoja amekuja kuchukua shati akaanza ile hadithi, eti wageni wamejaa, wanakula pesa yetu na serikali haipati kitu. Fundi anasikia, anapiga pasi tu. Nikamuuliza mzee, baba, hicho kitambaa ulinunua wapi? Kwa Mhindi, Oginga Odinga Street. Tukacheka wote, na yeye pia.

Ila swali lake halikuniacha, nikaanza kuifuata 3,500 yangu. Kuna kodi ya chumba, na mwenye nyumba ni mtu wa hapa hapa. Pamiti ya kaunti imebandikwa ukutani, ya mwaka huu, nimeisoma. Tokeni za stima zina VAT 16%, zipu na uzi pia. Wasichana wawili wa Nyalenda wanalipwa kwa kila nguo wanayomalizia. Inayobaki anakula, na yeye hula unga na omena kama sisi, hiyo pesa haipandi basi kurudi Bukavu yote.

Mzee naye ana pointi. Watoto wawili wa fundi wako praimari ya serikali, na serikali hutoa 1,420 kwa mwanafunzi kwa mwaka, hapo mshahara wa mwalimu hujahesabu. Na kama ningeshona kwa yule mama fundi wa Manyatta kaunti ingepata pamiti yake vile vile, kwa hivyo kusema tu analipa haitoshi, lazima uulize ameleta nini ambacho hakikuwepo. Nilichoona ni wateja wametoka Kakamega na Vihiga kwa ajili ya mkono wake, zamani oda kama hizo zilikuwa zinaenda Nairobi, na hao wasichana wawili sasa wanakata wenyewe. Mama wa Manyatta alilia mwanzoni, bei ya gauni ilibidi ashushe, na hilo hasahau. Siku hizi amerudi kwa yunifomu za shule, ambazo Mkongo hagusi, akiulizwa anawaelekeza kwake.

Huko Turkana Benki ya Dunia ilipiga hesabu 2016, ikapata kwamba wakimbizi wa Kakuma wameongeza uchumi wa kaunti kwa 3.4% na ajira kwa 2.9%, na hao ni watu ambao wengi hata kutoka kambini wanahitaji karatasi. Huyu wetu angalau ni mwenzetu wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, maana Congo iliingia 2022. Na kwa upande ule mwingine, nyanya yangu wa Busia anakumbuka 1972 Amin alipowapa Wahindi siku 90 waondoke. Watu walishangilia kugawiwa maduka, baadaye Waganda wakawa wanavuka kwetu kutafuta sabuni na sukari, na nyanya akauza sabuni hiyo kwa bei ambayo mpaka leo akiitaja anatabasamu kwa aibu.

Tena sisi wenyewe 2024 tulipokea karibu dola bilioni 4.9 kutoka kwa ndugu walio nje, zaidi ya pesa ya majani ya chai tunayouza nje, na dada yangu aliye Qatar ni mgeni wa mtu huko. Hiyo nilimwambia mzee akasema wa kwake ni wawili, wako Marekani.

Nyota nne. Ukienda ongeza nusu mita ya kitambaa, jaribu zipu kabla hujamaliza kulipa, na kama harusi ni Jumamosi mwambie ni Alhamisi.