Uzoefu wangu Butiama: nyumbani kwa Mwalimu Nyerere

Kama safari yako inapita mkoa wa Mara, tenga siku moja kwa ajili ya Butiama. Nilikuwa naisikia tangu shule ya msingi, ila kufika Mwitongo, kwenye makazi ya ukoo wa Chifu Burito, baba yake Mwalimu, juu ya kilima chenye majabali, ni jambo jingine kabisa.

Nilitokea Musoma kwa Hiace, nikamalizia na bodaboda. Dereva alitaka kunilipisha mara mbili ya tuliyokubaliana, kwa hiyo patana vizuri kabla hujapanda.

Makumbusho yako chini ya Makumbusho ya Taifa na yalifunguliwa mwaka 1999, mwaka ule ule Mwalimu alipofariki. Ndani kuna picha nyingi, zawadi alizopewa na kumbukumbu za uongozi wake. Ni pazuri, lakini ushauri wangu ni huu: usimalizie muda wako wote mbele ya makabati ya vioo. Utamu wa Butiama uko nje.

Nje ndiko unakoelewa aliishije. Mtu aliyeongoza nchi tangu uhuru, alipong'atuka mwaka 1985, alirudi hapa hapa, akalima. Nyumba kubwa unayoiona ilijengwa na Jeshi la Wananchi kumshukuru baada ya Vita vya Kagera, na hakuishi humo muda mrefu kabla ya kwenda London kwa matibabu, asirudi akiwa hai. Tukiwa uani nilikumbuka kwamba mwaka 1966 alijipunguzia mshahara kwa asilimia 20, na mwaka uliofuata Azimio la Arusha likawakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha. Darasani niliyakariri hayo kwa ajili ya mtihani. Pale uani yaliniingia moyoni, maana sikuona dalili yoyote ya mtu aliyejilimbikizia.

Nilitoa simu nipige picha, kijana aliyekuwa akituongoza akanizuia kwa upole: "Samahani dada, huku bado ni nyumbani kwa watu. Ngoja niulize kwanza." Akaenda, akarudi na ruhusa. Nilimheshimu sana kwa hilo, na naomba kila anayekwenda afanye hivyo hivyo.

Kaburi la Mwalimu limejengewa, na wazazi wake, Chifu Burito na Mama Mgaya wa Nyang'ombe, wamezikwa hapo hapo Mwitongo. Mzee mmoja tuliyekuwa naye kwenye msafara alivua kofia, akapiga ishara ya msalaba, akakaa pale hata tulipokuwa tumeshaondoka wote. Hakuna aliyemharakisha. Watoto waliokuwa kwenye msafara wao walivutiwa zaidi na tumbili wanaorukaruka juu ya majabali, na sioni ubaya. Wamefika, watauliza maswali baadaye.

Nendeni asubuhi, jua la mchana kwenye yale mawe ni kali. Vaeni viatu vya kutembelea na mavazi ya heshima, na mbebe maji. Muda ukibaki, mkirudi Musoma piteni Shule ya Msingi Mwisenge, ambako Kambarage alianza darasa la kwanza mwaka 1934 akiwa na miaka kama 12. Mimi mwakani nawapeleka wanafunzi wangu huko kote, kwa mpangilio huo huo.