Rola za raba za mashine ya mpunga: nyeusi za bei chee na hizi za rangi ya maziwa

Nina mashine ya kukoboa mpunga Ubaruku, Mbarali, na ukitoa umeme, hakuna kinachonila hela kama rola, zile ngoma mbili za chuma zilizovikwa raba zinazomenya mpunga. Msimu huu nimetumia za aina mbili.

Nilianza na nyeusi za bei chee. Kukoboa zinakoboa, siwezi kuzisingizia. Ila mchele ulikuwa ukitoka na michirizi ya kijivu, na mteja akishaona hivyo anahisi umemchanganyia kitu. Weusi ule ni masizi ya kaboni, yanayotiwa kwenye mpira ili usilike upesi. Kwenye tairi sawa, kwenye chakula hapana. Ndiyo maana wengine badala yake hutumia silika, unga mweupe, rola zikatoka nyeupe au rangi ya maziwa.

Halafu katikati ya kazi, moja ikabanduka kipande kizima. Tulipoifungua, chuma chini yake kilikuwa kinang'aa kama kijiko kilichooshwa, hakuna hata ukoko wa mpira. Hapo usimlaumu operata wala mpunga. Kiwandani ngoma ya chuma hukwaruzwa na kupakwa gundi maalumu, kisha mpira uliochanganywa na salfa unashindiliwa juu yake ndani ya kalibu na kupikwa kwa joto na mgandamizo mpaka uive (salfa na joto, mambo ya Charles Goodyear tangu 1839). Kazi ikifanyika sawasawa, ukiung'oa mpira unachanika wenyewe na mabaki yanaganda kwenye chuma. Chuma kikitoka kitupu, gundi haikushika.

Nikahamia hizi za rangi ya maziwa, bei karibu mara mbili. Boksi limeandikwa ugumu wa 90 kwa kipimo cha Shore A. Raba ya tairi la gari dogo huwa 60 na kitu, kwa hiyo hii ukucha hauingii. Rola mbili zinazunguka kwa kupishana kasi, na tofauti hiyo ndiyo inayomenya ganda. Zikiwa laini mno zinakwisha haraka, ngumu mno zinavunja punje. Hizi chenga zimepungua waziwazi, na michirizi hakuna. Kwa hesabu ya magunia, zimenitokea rahisi kuliko zile za bei chee.

Lakini si za miujiza. Zikigusana bila mpunga katikati, utasikia harufu ya mpira unaoungua, ujue unene umeshaondoka. Mpunga uliopigwa chini ukaja na mchanga unazitafuna zote, ghali na rahisi. Kitambaa chenye grisi kikae mbali, mafuta huvimbisha mpira wa aina nyingi. Na ya kasi huisha kwanza, kwa hiyo zibadilishane nafasi mapema, la sivyo tofauti ya kasi inapungua na mpunga unapita na ganda lake.

Lalamiko langu ni moja: boksi halina tarehe ya kutengenezwa. Mpira unazeeka hata ukiwa dukani, hasa ukipangwa barazani juani. Unakakamaa na kupata nyufa ndogo ndogo. Siku hizi rola naifungua palepale kaunta, napitisha kidole pembeni panapokutana mpira na chuma, na nikihisi ufa au kiputo naomba nyingine. Muuzaji hununa, lakini anatoa.