Quest 3 kwa kujifunza njia za mji usioujua: uzoefu wangu

Meta Quest 3, miwani ya VR inayokuweka ndani ya picha ya pande zote, naitumia kwa kazi ambayo wengi hawainunulii: kuzoea mitaa ya mji kabla ya kufika, kupitia programu zinazoonyesha picha za Street View, yaani picha za mitaani za Google. Kwa kazi hiyo inafaa sana, kwa sharti moja: ugeuke kwa mwili wako, si kwa kijiti cha rimoti.

Sharti hilo si ushabiki. Mwaka 1998 mtafiti wa saikolojia Roberta Klatzky na wenzake walionyesha kwamba mtu aliyeona kona kwa macho tu, mwili ukiwa umetulia, akiulizwa arudi alikotoka hujibu kana kwamba hajakata kona kabisa. Waliogeuka kweli hawakuwa na kosa hilo. Kwa hiyo nenda kwenye mipangilio ya programu, uzime kugeuka kwa kijiti, kisha tafuta kiti kinachozunguka kisicho na mikono. Waya wa chaji uuchomoe, maana kona nne tu unakuwa umekuzinga miguuni. Betri inakaa kama saa mbili. Ukitaka zaidi, weka pawabenki mfukoni.

Kabla ya kuanza, zungusha kijigurudumu kilicho chini ya miwani, kinachosogeza lenzi zilingane na macho yako, mpaka maandishi yakae sawa. Mwenye rasta nene au kilemba alegeze mkanda wa juu kwanza, la sivyo miwani inateleza na vibao vya mitaa havisomeki. Chumba kiwe na mwanga wa kutosha na ukuta wenye vitu: kamera zinashika nafasi kwa kutazama alama, hivyo ukuta mweupe mtupu au kioo kikubwa huzichanganya. Ukisimama, angalia pangaboi kabla ya kunyoosha mikono.

Njia nayoijifunza naigawa vipande vifupi. Kwenye kila makutano nageuka nyuma nitazame nilikotoka, kwa sababu kona ileile ukirudi nayo inaonekana ngeni. Ramani siigusi bado. Kipande kikiisha nafumba macho, nanyoosha mkono kuelekea sokoni au kituo cha basi nilichoanzia, ndipo nafungua ramani kuhakiki. Mkono ukipotea zaidi ya digrii 30, narudia kipande hicho. Huu ndio mtihani wa kweli. Kukumbuka rangi za maduka si kujua njia.

Umbali ndio udhaifu mkubwa. Picha hizi zinaruka kutoka nukta hadi nukta, huhisi hatua zikipita, na miwani ya VR kwa ujumla hufanya vitu vionekane karibu kuliko vilivyo. Mita mia sita zitakuja kukushangaza juani. Pima kwenye ramani, ujiandikie dakika za kutembea. Halafu picha nyingi zimepigwa juu ya gari, kwa hiyo unachungulia juu ya kuta na kuona vitu ambavyo kwa miguu huvioni ng'o, na vichochoro visivyopitika gari mara nyingi havimo. Tazama na tarehe ya picha: duka la kona huenda lilishavunjwa. Intaneti ikiwa dhaifu picha inabaki ukungu; subiri itulie, kwani alama ulizozihitaji ndizo zinazofutika.

Kichefuchefu huletwa zaidi na programu za kuteleza mbele kuliko hizi za kuruka. Dakika 15 hadi 20 zinatosha kwa mkupuo mmoja. Jasho jembamba likianza, vua, kujikaza hakusaidii.

Ndugu yake, Quest 3S, ni ya bei nafuu na ina prosesa ileile, lakini skrini yake ni pikseli 1832 kwa 1920 kwa kila jicho, dhidi ya 2064 kwa 2208 za Quest 3, na lenzi za 3S zina nafasi tatu tu za kusogezwa zilingane na macho. Kwa michezo sawa. Kwa kusoma vibao vya mbali, ningeongeza pesa.

Ukinunua ya mtumba, fungua ukurasa mweupe na utafute madoa au mistari isiyofutika. Jua likipenya kwenye lenzi huunguza skrini, hata kwa muda mfupi dirishani, na hakuna fundi wa kuifuta.