UPS: baipasi ya ndani au swichi ya mkono?
UPS ni kifaa cha betri kinachoendelea kulisha kompyuta umeme ukikatika; baipasi na swichi ya mkono ni njia za kupitisha umeme wa gridi kando. Mafundi wengi hapa Lubumbashi huzitaja kama kitu kimoja, kumbe kazi zake ni mbili tofauti.

Baipasi ya ndani hujiendesha. Inveta (sehemu ya UPS inayogeuza umeme wa DC, kama wa betri, kuwa AC) ikizidiwa au ikiharibika, thairista (swichi za kielektroniki) huhamishia mzigo, yaani vifaa vinavyolishwa, kwenye umeme wa gridi ndani ya milisekunde chache, na kompyuta hazizimiki. Lakini ndani ya kasha bado mna umeme wa kuua. Usiguse kadi yoyote ya saketi.

Swichi ya mkono hutenga UPS nzima, fundi akabadilisha feni huku seva za ofisi ya Kamalondo zikiendelea kuwaka. Hapa utaratibu ndio kila kitu: peleka kwanza UPS kwenye baipasi ya ndani, soma skrini ikuthibitishie, ndipo uzungushe swichi ya mkono. Ukizungusha inveta ingali inalisha mzigo, vyanzo viwili visivyoenda sambamba, gridi na inveta, hukutana, na inveta inaweza kuungua.

Katika zote mbili betri haikulindi. Kwa umeme wetu unaopanda na kushuka, ningechagua UPS yenye zote, na matengenezo ningeyafanya asubuhi, si jioni mtaa mzima unapopika.