TAHADHARI: Wauzaji wa "dawa ya unyevu" na mbao "kavu" kwa wenye nyumba za zamani

Kama unakarabati sebule na chumba cha kulia katika nyumba ya zamani ya shamba, hasa ya mawe au matofali yaliyojengwa kwa chokaa, soma hapa kabla hujatoa hata senti ya advansi.

Mbinu ni ileile kila mara. Muuzaji anajitolea kukagua bure. Anachomeka ukutani kipimo kidogo chenye pini mbili, kinalia, taa nyekundu inawaka, na papo hapo anatangaza kwamba ukuta unanyonya maji kutoka ardhini. Dawa yake: sindano za kemikali ya kuzuia maji kwenye msingi wa ukuta, kisha plasta ya saruji isiyopitisha maji hadi mita moja kutoka sakafuni. Halafu anakuongezea sakafu mpya ya mbao, kwa punguzo ukilipa leo leo.

Kile kipimo kimetengenezwa kwa ajili ya mbao. Kinapima umeme unavyopita kati ya pini, kisha kinaugeuza kuwa asilimia. Plasta ya zamani huwa imejaa chumvi, na chumvi yenye unyevu kidogo tu inapitisha umeme vizuri sana. Karatasi ya ukutani yenye foili nayo hukifanya kilie hata ukuta ukiwa mkavu. Mwambie apime pia ukuta wa ndani usiogusa nje, na apime juu karibu na dari. Maji ya ardhini kwa kawaida hayapandi kupita mita moja au moja na nusu, kwa hiyo kikilia hadi juu, chanzo ni kingine.

Ukitaka kujua ukweli, bandika kipande cha nailoni cha sentimita 50 kwa 50 ukutani, ziba kingo zote kwa tepu, uache siku mbili. Matone yakiwa upande wa chumba, ni mvuke wa hewa ya ndani unaogeuka maji kwenye ukuta wa baridi: fungua madirisha, ukuta hauna kosa. Yakiwa upande wa ukuta, toka nje ukatazame. Mara nyingi utakuta mfereji wa paa umepasuka, au udongo umerundikana hadi juu ya usawa wa sakafu ya ndani. Shusha udongo uwe angalau milimita 150 hadi 200 chini ya sakafu, tengeneza mifereji, kisha upe ukuta muda. Ukuta mnene hukauka kwa takriban mwezi mmoja kwa kila milimita 25, kwa hiyo nusu mita ni suala la mwaka na zaidi. Hilo ndilo muuzaji hataki ulisikie, maana hakuna cha kukuuzia hapo.

Sindano zenyewe huwa ni matundu ya milimita 12 kila baada ya milimita 120, kwenye mstari mmoja wa chokaa iliyo kati ya safu mbili za matofali. Kwenye ukuta wa matofali uliopangwa vizuri inawezekana. Kwenye ukuta wa mawe wenye kifusi katikati, mstari huo haupo. Kemikali inatiririkia kwenye mianya na kizuizi hakiungani. Plasta ya saruji inaficha tatizo kwa muda tu. Maji yanafungiwa ndani, yanapanda juu ya ukingo wa plasta, na yanaozesha ncha za boriti zilizoingia ukutani. Ukuta wa chokaa upigwe plasta ya chokaa: sehemu 1 ya chokaa kwa 2.5 hadi 3 za mchanga mkali (wa chembe zenye kona) uliooshwa, tabaka lisizidi milimita 10 hivi, likilindwa lisikauke haraka.

Na ile dhamana ya miaka 20? Isome hadi mwisho. Mara nyingi inagusa sindano peke yake, na inafutika kama mifereji ni mibovu au udongo wa nje uko juu, yaani chanzo chenyewe cha maji.

Sasa mbao. Za ndani ya nyumba zinatakiwa kuwa na unyevu wa asilimia 8 hadi 12. Zilizokaushwa bandani kwa upepo huweza kubaki na 16 hadi 20, nazo ndizo zinazouzwa kama kavu. Ubao wa upana wa milimita 150 ukishuka kutoka 18 hadi 10 utasinyaa milimita 3 hivi, na sakafu nzima itajaa nyufa. Usikubali sampuli aliyokuja nayo mkononi. Fungua furushi, toa ubao wa katikati, kata kipande angalau milimita 300 kutoka kwenye ncha kwa sababu ncha hukauka kwanza. Kipime uzito, kikaushe kwenye oveni ya nyuzi 103 hadi uzito usishuke tena. Gramu 118 zikiwa 100, unyevu ulikuwa asilimia 18. Rudisha mzigo.

Kama umeshalipa advansi, tafadhali usiruhusu mbao zipigwe misumari kabla plasta haijakauka. Piga picha za matundu, lebo za ndoo na furushi la mbao, tunza risiti, na usimalize deni mpaka kipande cha katikati kimepimwa mbele yako.