Hosi ya inchi 4 na kisanduku cha kipoza oili kwa RV-10: kipi uchukue, kipi uache

Haya jamani, karibuni. Mezani leo nina hosi ya SCAT ya inchi 4, ile ya rangi ya machungwa, pamoja na kisanduku cha alumini kinachofungwa usoni pa kipoza oili. Ni vya wanaojiundia ndege kama RV-10 ya kampuni ya Van's, yenye injini ya Lycoming IO-540. Kipoza chake hakikai mbele kwenye upepo. Kiko nyuma ya injini, na hewa inaletwa kwa hosi kutoka kwenye bati la nyuma ya silinda.

Hosi kwanza. Asije mtu akakushawishi uweke ya inchi 3 eti inapita kirahisi. Eneo la tundu lake linazidi kidogo tu nusu ya hili. Ngoja nisogeze kamera... mnaiona mizunguko ya waya ndani? SCAT ina ngozi moja, kwa hiyo hewa inakwaruza kila mzunguko. Kuna hosi nyingine, SCEET, yenye ngozi mbili, ndani ni laini. Kama hosi yako ina kona, mimi ningechukua hiyo.

Kisanduku sasa. Hapa sijaridhika kabisa. Hewa inatoka kwenye tundu la duara na kukutana ghafla na uso mpana wa mstatili, maana kisanduku ni kifupi mno. Inapiga katikati, pembe za kipoza zinabaki hazina kazi. Kingerefushwa, kipanuke taratibu kama faneli, kipoza kizima kingefanya kazi.

Lakini kabla hujatoa hela, sikiliza. Wengi wakiona oili inakaribia nyuzi 118 za Selsiasi, kikomo cha Lycoming, wanakimbilia kipoza kikubwa. Hewa haisukumwi na ukubwa wa kipoza. Inasukumwa na tofauti ya mgandamizo kati ya juu ya injini na chini yake. Ukiwa unapaa kwa kilomita 185 kwa saa, upepo wote wa mbele unakupa mgandamizo wa takriban sentimita 16 za maji, yaani wa kuinua maji kwenye mrija kwa kimo hicho. Basi, huna akiba nyingine. Na kila upenyo kwenye mpira wa silikoni, ule unaoziba mwanya kati ya mabati ya injini na kaulingi (ganda linalofunika injini), unakula humohumo.

Vua kaulingi, mulika ndani kwa tochi. Mpira unapobana vizuri huacha mstari mweusi wa kusugua ndani ya kaulingi. Mstari ukikatika, hapo ndipo hewa inapotorokea.

Kisha pima. Tafuta spidomita kuukuu ya ndege: mrija wa pito, ule unaopokea mgandamizo wa upepo, uuweke mbele ya kipoza, ule wa pili nyuma yake. Ruka kwa kasi ileile kabla na baada ya kurekebisha, usome mshale. Usipoona tofauti, kagua njia ya kutokea hewa chini ya kaulingi, huenda ni finyu.

Kwa hiyo hosi nunueni. Kisanduku hiki kiacheni dukani. Kunja bati lako mwenyewe, refu kadiri nafasi inavyoruhusu.