Wodi nzuri, mikono mikavu: tathmini ya hospitali mbili na kidonda kimoja

Mdogo wangu alijifungua kwa upasuaji mwezi Machi katika hospitali binafsi ya hapa Dar es Salaam ambayo sitaitaja, kwa kuwa bado tunaandikiana nao barua na kwa kuwa niliyoyaona kwao nimewahi kuyaona kwingine pia. Nilikaa naye siku zote nne, kisha nikakaa naye siku kumi na moja nyingine katika hospitali ya shirika la dini, tulikokimbilia baada ya mshono kuanza kutoa usaha. Tathmini hii inazihusu hospitali zote mbili, na nimezipima kwa mambo mawili tu: mikono ya wahudumu na namna wanavyotumia viuavijasumu.

Hospitali ya kwanza ina sifa zake, nami sitazificha. Mapokezi hawakutuweka hata robo saa. Wodi ilikuwa na vitanda vinne, mapazia safi, kiyoyozi kizima, na sakafu iliyodekiwa mara tatu kwa siku kwa dawa ya harufu kali iliyomfanya mama yetu atamke kwamba hapa kweli ni hospitali. Upasuaji wenyewe ulikwenda salama, mtoto alilia papo hapo, na daktari bingwa alikuja kutueleza kila hatua kwa lugha tuliyoielewa. Kama ningeandika siku ile ningewapa nyota tano bila kusita.

Kasoro niliiona kwanza ukutani. Kando ya mlango ilining'inia chupa ya kitakasa mikono ambayo mdomo wake ulikuwa umezibwa na ute mkavu wa rangi ya maziwa, kiasi kwamba hata ukiibonyeza kwa kiganja kizima hakitoki kitu. Niliibonyeza asubuhi ya kwanza, nikaibonyeza tena siku ya tatu, hali ikawa ile ile. Sinki lilikuwa moja, mwisho wa korido, lina sabuni lakini halina cha kukaushia, kwa hiyo aliyenawa alijifuta kwenye sare yake. Muuguzi wa zamu ya asubuhi, mchapakazi na mwenye maneno mazuri, alibadilisha bandeji kitanda cha kwanza, akashika faili, akavuta pazia, akaurekebisha mpira wa mkojo wa mama wa kitanda cha pili, kisha akatufikia sisi na glavu zile zile. Mama yetu si mtu wa kunyamaza.

"Mwanangu, hebu nawa kwanza ndipo umguse mwenzio."

"Usiwe na wasiwasi, mama, nimevaa glavu."

Alilijibu hilo kwa upole na kwa nia njema kabisa, na hapo ndipo nilipoanza kuogopa. Glavu iliyokwisha kugusa mpira wa mkojo wa mtu mwingine humlinda anayeivaa, lakini kwa mgonjwa anayefuata haina tofauti na mkono mchafu. Shirika la Afya Duniani limeainisha tangu mwaka 2009 nyakati tano za kutakasa mikono, yaani kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayohitaji usafi wa hali ya juu kama kufungua kidonda, baada ya kukutana na majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka. Kusugua kwa kitakasa huchukua sekunde 20 hadi 30. Wala jambo lenyewe si geni. Mwaka 1847, katika wodi ya wazazi mjini Vienna, daktari Ignaz Semmelweis aliwaamuru madaktari waliotoka kupasua maiti wanawe kwa maji ya klorini kabla ya kuwagusa wazazi, na vifo vikashuka kutoka asilimia 18 hivi mwezi Aprili hadi asilimia 2 hivi mwezi Juni. Wenzake wengi walichukizwa na wazo kwamba mikono yao ndiyo iliyokuwa ikiua.

Jambo la pili lilijificha ndani ya faili. Kwenye nakala tuliyopewa, sindano ya kwanza ya seftriaksoni, ambayo ni kiuavijasumu, imeandikwa saa moja na nusu baada ya upasuaji, tukiwa tumesharudi wodini, na kuanzia hapo ikaendelea kila siku pamoja na kiuavijasumu kingine, metronidazoli, kisha tukaruhusiwa na mfuko wa vidonge "vya kuzuia". Miongozo ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2016 inasema kinyume: dawa ya kinga itolewe kabla ya kisu kugusa ngozi, ndani ya dakika 120, na isiendelezwe baada ya upasuaji kwa lengo la kuzuia maambukizi. Seftriaksoni yenyewe, ambayo kwetu inachomwa kama maji ya kunywa, shirika hilo limeiweka tangu mwaka 2017 katika kundi la dawa zinazotakiwa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu vimelea huizoea upesi. Kwa upasuaji wa uzazi ipo sefazolini, iliyo katika kundi la dawa za kutumiwa kwanza. Kwa hiyo mdogo wangu aliikosa dawa saa aliyoihitaji, akaipata kwa wingi saa ambayo haikuwa na kazi.

Siku ya saba baada ya kujifungua mshono uliachia upande wa kulia. Sina ushahidi kwamba vimelea vile vilipandia kwenye glavu niliyoiona, na haki inanitaka niseme kwamba barani Afrika hadi asilimia 20 ya wanawake wanaozaa kwa upasuaji hupata maambukizi ya kidonda, wakiwamo waliohudumiwa vizuri.

Hospitali ya pili haina kiyoyozi. Feni ya wodini ilikuwa ikilia usiku kucha, na foleni ya mapokezi ilitukalisha kwenye benchi saa tatu huku mgonjwa akiwa na homa, jambo ambalo silisamehei. Lakini kila kitanda kilikuwa na chupa ndogo iliyofungwa miguuni kwa kamba ya bandeji, yenye kitakasa kinachochanganywa na famasi yao wenyewe kwa ethanoli, gliserini na haidrojeni peroksaidi, na sikumwona hata mmoja, kuanzia daktari hadi mhudumu wa usafi, akipita bila kuigusa. Daktari alikifungua kidonda, akakikamua, akachukua usaha wa kwenda kuoteshwa maabara kabla ya dozi ya kwanza ya dawa yoyote, kisha ndipo akaanzisha sindano kwa sababu ya homa. Kanula, yaani kimrija cha kupitishia dawa mshipani, ilibandikwa plasta yenye tarehe na saa. Katika hospitali ya kwanza ilikaa siku nne bila maandishi yoyote.

Majibu yalichelewa siku moja kwa kuwa maabara hufungwa Jumapili. Yalipokuja, yalikuwa karatasi moja yenye jina la kimelea juu, Klebsiella, na chini yake safu ya dawa kila moja na herufi yake: mbele ya seftriaksoni palikuwa na R, yaani kimelea ni sugu kwayo, na mbele ya kiuavijasumu kingine, amikasini, S, yaani dawa hiyo inakiweza. Siku hiyo hiyo sindano za awali zilisitishwa, akapimwa figo, akaanzishiwa amikasini, huku kidonda kikiendelea kusafishwa kila asubuhi. Kwenye bili, kipimo kile cha usaha kilikuwa pungufu ya gharama ya siku mbili za zile sindano ambazo hazikuwa na kazi. Siku ya saba ya amikasini daktari akaikatisha dawa moja kwa moja, na mama akaona tunafukuzwa mikono mitupu.

"Daktari, hata vidonge viwili vitatu vya kwenda navyo nyumbani?"

"Mama, dawa imemaliza kazi yake. Nikimwongezea, nitakuwa nawafundisha wadudu waliobaki namna ya kuishinda."

Mama hakuridhika, alilalamika hadi Ubungo. Mimi naihesabu kauli ile kuwa huduma bora kuliko zote nilizopata katika siku kumi na tano. Hospitali ya pili naipa nyota nne, na ya tano nimeizuia kwa ajili ya foleni na kwa ajili ya wageni wanaoachwa kukaa juu ya vitanda vya wagonjwa. Ya kwanza naipa mbili: moja ya daktari bingwa na moja ya mapokezi.

Baada ya barua yetu, matroni wa hospitali ya kwanza alipiga simu ndani ya wiki, akaomba radhi kwa heshima na kusema kwamba chupa zote zimebadilishwa. Juzi tulipompeleka mtoto chanjo huko nilichungulia wodini. Chupa ya mlangoni ni mpya na inatoa dawa kwa mbonyezo mmoja. Muuguzi alikuwa akitoka kitanda cha kwanza kwenda cha pili, faili kwapani, glavu mkononi.